"Sababu Tunayo": Je, Tanzania Ilikuwa na Haki ya Kufika Kampala?

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 tunaisoma sana katika masomo ya Kiswahili, na tunaisoma kwa namna moja tu. Tunaambiwa kwamba Rais alisema uwezo wa kumpiga Amin anao, sababu anayo, na nia anayo. Wanafunzi tunaandika "takriri" kwenye daftari, kipindi kinaendelea. Hakuna anayeuliza kama maneno hayo matatu yalikuwa ya kweli kwa kiasi kimoja. Uwezo ulithibitika vitani. Nia ilionekana. Sababu ndiyo iliyobaki bila kupimwa, labda kwa kuwa aliyeshinda hadaiwi maelezo, labda kwa kuwa wengi wetu tulizaliwa baada ya vita hivyo na tukayakuta matokeo yake tayari yamekaa, kama mtu anavyoikuta nyumba ya babu.

Mimi nakaa Naguru, kwenye kilima chenye makao makuu ya polisi ya Uganda, kwa hiyo jambo hili kwangu si la vitabuni tu. Katika miaka ya sabini jina la mtaa wetu lilitajwa kwa sauti ya chini. Nitaonyesha huko mbele kwamba sababu bora ya jeshi la Tanzania kufika Kampala ilikuwa hapa juu ya kilima, si Kagera. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Tanzania ilitenda haki kumwondoa Amin, lakini sababu ilizozitoa serikali yake hazifiki Kampala. Zinafika Mutukula, pengine na hatua chache mbele. Kuanzia hapo jeshi lilitembea kwa sababu nyingine ambayo serikali haikutaka kuiandika, na kutoandikwa kwake kuliwagharimu Wauganda. (Naandika Wauganda wala si Waganda, nikijua kwamba vitabu vingi vya Dar es Salaam havifuati hivyo. Anayeishi Kampala anajua kwa nini.)

Tuanze na palipo wazi. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba serikali ya Amin ilitangaza kwamba eneo hilo sasa ni mali ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa. Watu waliuawa, ng'ombe walivushwa mpaka kwa maelfu, kiwanda cha sukari kiliporwa, na wakazi waliobaki hai walikimbilia kusini ya mto kwa njia yoyote waliyoipata.

Amin naye alikuwa na sababu zake. Alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza, na kwamba mpaka halisi ni mto. Hili la mto lina chembe ya ukweli wa jiografia: mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa kufuata nyuzi moja kusini ya Ikweta, mstari wa rula usiojali mto wala watu. Lakini mipaka mingi ya Afrika ni ya rula, na OAU ilikwisha kukubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kwamba itaachwa kama ilivyokutwa siku ya uhuru. Kuhusu nani alianza, kila mtu alijua kwamba Oktoba ile kulikuwa na uasi ndani ya jeshi la Uganda lenyewe, na wengi wanaamini kuvuka mpaka kulikuwa njia ya kuuzima au kuuficha. Sababu za Amin sitazirudia tena. Hazistahili kurasa zaidi.

Kwa hiyo tarehe 2 Novemba, Nyerere aliposema sababu anayo, alikuwa nayo kamili. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinairuhusu nchi iliyoshambuliwa kwa silaha ijitetee, na hapakuwa na shambulio lililo wazi kuliko lile. Sidhani kuna mwanasheria angepinga.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe kwa jicho la mwanafunzi wa sarufi. Kitenzi ni "kumpiga". Kiambishi cha yambwa ni -m-, ngeli ya kwanza, umoja, mtu mmoja. Rais hakusema "kuwapiga", yaani askari waliovuka, wala "kuipiga", yaani nchi iliyowatuma. Alichagua mtu. Tanzania yote iliufuata uchaguzi huo: vita vikaitwa vita vya nduli Amin, na neno "nduli", ambalo kabla ya hapo lilikuwa limelala katika kamusi, likashikamana na jina moja mpaka leo. Amin mwenyewe aliuona ugomvi kwa namna hiyo hiyo, maana alipendekeza wao wawili wamalize kwa ngumi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Watu walicheka. Mimi nadhani pendekezo lile la kipuuzi lilielewa sarufi ya hotuba kuliko wachambuzi wengi.

Kwa nini kiambishi hiki kina uzito? Kwa sababu kina mpaka ambao mto hauna. Ukisema utawapiga askari waliovuka, kazi inaisha wakisharudi kwao. Ukisema utampiga Amin, kazi haiishi mpaka umfikie Amin, naye hakuwa Kagera. Alikuwa Kampala. Kwa herufi moja hotuba ilitoa ruhusa ya safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutukula, bila kuitaja safari hiyo hata mara moja. Wasikilizaji walisikia kujitetea. Kitenzi kilikuwa kinasema kitu kikubwa zaidi.

Sisemi kwamba Nyerere alikusudia hivyo usiku ule. Ushahidi wa matendo unaonyesha mpango ulikua kidogo kidogo. Katikati ya Novemba Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake. JWTZ ilivuka Kagera ikalirudisha eneo, na mwanzoni mwa Januari 1979 hapakuwa tena na askari wa Uganda kwenye ardhi ya Tanzania. Hapo sababu ya kwanza ilikuwa imelipwa yote. Nyerere aliitaka OAU ilaani uvamizi, na alimtaka Amin akane madai yake ya ardhi na kulipa fidia. OAU ikaleta usuluhishi, kana kwamba majirani wawili wamegombania uzio. Amin hakukana kitu. Januari 1979 JWTZ ilitwaa Mutukula upande wa Uganda, kwa hoja kwamba mizinga iliyo kwenye mwinuko ule ingeweza kuifikia Kagera tena. Hoja hii naikubali. Mwenye nyumba aliyevunjiwa mlango ana haki ya kusimama nje kidogo mpaka ahakikishe mwizi harudi.

Hata hapo Mutukula kulikuwa na dalili mbaya. Askari waliubomoa mji ule mdogo wakiwa na picha ya Kagera machoni, na raia waliuawa. Nyerere alipopata habari alitoa amri kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Namheshimu kwa amri hiyo. Lakini Masaka ilipoanguka tarehe 24 Februari, na Mbarara siku iliyofuata, majengo makubwa ya miji hiyo yalivunjwavunjwa, na sababu iliyosikika safari hii ilikuwa kisasi cha Kagera. Kiambishi -m- kilikuwa kimekwisha kuvunjika. Roketi ambazo huku Uganda tuliziita saba saba hazina ngeli. Zikiruka hazimchagui nduli na kumwacha muuza ndizi. Masaka ni mji wa Buganda, uliokuwa umeteseka chini ya Amin kama miji mingine. Kuuadhibu kwa sababu ya Kyaka ni sawa na kumchapa mke kwa kosa la mume anayempiga.

Ndipo serikali ya Tanzania ilipohitaji sababu mpya, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Haikusema: tumeamua kuuondoa utawala huu. Ilisema kuna vita viwili. Kimoja ni cha Wauganda wanaopigana kumwondoa dikteta wao. Kingine ni cha Watanzania wanaolinda usalama wa nchi yao. Vinatokea mahali pamoja, lakini ni viwili. Baada ya ushindi, katika maelezo rasmi ya serikali yaliyochapishwa mwaka 1979, hoja ikawa hiyo hiyo: chanzo cha vita ni uvamizi wa Amin na dai lake la ardhi, na hakikuwepo chanzo kingine.

Kama hoja ya wakili, imetengenezwa vizuri. Kama maelezo ya yaliyotokea, haisimami. Wapiganaji wa Kiuganda walikuwepo, na baadhi yao walikufa kishujaa: Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok, FRONASA ya Yoweri Museveni, na wengine. Lakini walikuwa wachache mno wakilinganishwa na JWTZ. Mizinga haikuwa yao, wala magari na mafuta. Tena tazama tarehe. Mkutano wa Moshi uliounda UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti ulifanyika tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, mwezi mzima baada ya Masaka kuanguka na wiki mbili baada ya mapigano ya Lukaya, ambako askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin walipigwa. Vita vya Wauganda vilipata wazazi wake wa kisiasa wakati mtoto alikwisha kufika Mpigi. Wiki mbili baada ya Moshi, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Kisha jeshi likaendelea Jinja, Lira, Gulu, Arua, mpaka tarehe 3 Juni lilipofika mpaka wa Sudan. Ni usalama gani wa Kagera uliokuwa unalindwa Arua?

Mtu atasema: Amin angeachwa Kampala angejipanga upya na kurudi. Hoja hii ina nguvu, hasa baada ya Libya kuingia, na Gaddafi alimpa Nyerere masharti aondoe majeshi. Bado ni hoja ya hofu ya kesho. Ukiikubali kwa Tanzania itabidi uikubali kwa kila serikali inayosema jirani yake ni hatari na hatabadilika. Nitairudia mwishoni, maana sisi Wauganda tuna sababu ya pekee ya kuiogopa.

Niseme sasa kuhusu Naguru.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, Amin aliunda Kikosi cha Usalama wa Umma na kukiweka Naguru. Kazi yake kwa jina ilikuwa kupambana na makondo, yaani majambazi wenye silaha. (Neno "kondo" lina mkasa wake: katika Kiswahili cha zamani cha pwani kondo ni vita, Kampala lilikuwa jina la mwizi mwenye bunduki, na kikosi kilichoundwa kuwakamata makondo kikawa chenyewe kondo kwa maana zote mbili.) Kikosi hiki na ile Idara ya Utafiti ya Taifa iliyokuwa Nakasero vinatajwa pamoja kila mahali vifo vya wakati ule vinapotajwa. Watu waliingizwa kwenye buti za magari mchana, mbele ya wenzao kazini, wakapandishwa kilimani, na habari zao zikaishia hapo.

Hatuhitaji kutegemea adui wa Amin kulijua hili. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa shinikizo la nje, aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu tangu siku aliyochukua madaraka. Iliongozwa na Jaji Mohamed Saied. Ilisikiliza mashahidi 545, ikaandika kesi 308 za watu waliopotea, na ikasema lawama kubwa iko kwa vikosi hivyo viwili. Nafikiria sana juu ya hao 545. Ili kutoa ushahidi ilibidi mtu asimame hadharani, Kampala, Amin akiwa madarakani, na kutaja Naguru. Ripoti ilikabidhiwa kwa mtu yule yule aliyekuwa amekianzisha kikosi, na mambo yakaendelea. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikwisha kuchukuliwa kutoka Mahakama Kuu mwaka 1972. Mwaka huo huo alitoweka Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, jambo ambalo wanafunzi wa chuo hicho tunapaswa kulijua kabla ya kujua jina la takriri. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Hawa ni wenye majina. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane hutajwa mara nyingi kuwa watu 300,000. Wapo wanaoyashusha sana, lakini sijaona anayeyashusha mpaka pa kufariji.

Hiyo ndiyo sababu ninayoitafuta katika maandishi ya serikali ya Tanzania, wala siikuti mahali pake. Sisemi Nyerere alinyamaza. Hapana. Alimkataa Amin tangu siku ya kwanza. Alisema wazi kwamba Amin angekuwa mzungu Afrika ingepitisha maazimio mengi ya kumlaani. Mwaka 1975, OAU ilipokutana Kampala ili Amin awe mwenyekiti wake, Tanzania ilikataa kuhudhuria na ikasema kwamba Afrika haiwezi kulaani mauaji ya kusini ikanyamazia ya Kampala. Tena miaka saba kabla ya hapo, Aprili 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, kwa hoja kwamba watu wakikosa usalama ndani ya dola, dola hiyo haiwezi kuwadai utii. Hoja yote ilikuwa mkononi mwake, imenolewa, ina miaka 11. Aliitumia kumlaumu Amin. Hakuitumia kueleza kwa nini jeshi lake liko Kampala. Mauaji ya Naguru yaliwekwa katika orodha ya ubaya wa adui, na safu ya sababu ikaachiwa Kagera peke yake.

Najua kwa nini. Hati ya OAU ilikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na marais wengi walikuwa na Naguru zao. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania waziwazi. Aliyeitetea kwa hoja ile iliyokosekana alikuwa Rais wetu Godfrey Binaisa, aliyewaambia wenzake kwamba kutoingiliana hakuwezi kuwa pazia la kufichia mauaji. Nalipenda tukio hili, ingawa Binaisa alikuwa na wiki chache tu madarakani na alikuwa amewekwa hapo chini ya bunduki za Tanzania. Mgeni wa Monrovia angeweza kusema kwamba mwombaji anamtetea mfadhili wake. Ndiyo, lakini alisema kweli.

Nyerere alikuwa na mfano mwingine wa kumtisha. Januari 1979 Vietnam iliingia Phnom Penh na kuwaondoa Khmer Rouge, wauaji kupita hata Amin. Nayo ilidai kujitetea na kusaidia waasi wa nchi ile, karibu maneno ya vita viwili. Dunia ikailaani, na mwaka huo kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kikabaki kwa Khmer Rouge. Tanzania ilisamehewa kimyakimya. Mwanasiasa mwangalifu akiona hivyo hatajipalia makaa kwa kutangaza kanuni mpya.

Basi kama nazielewa hofu zake, nalaumu nini? Nalaumu hesabu iliyofuata. Sababu inayotajwa ndiyo inayoweka deni. Ukisema umekuja kuwaokoa watu wa Uganda, watu hao wanaweza kukuuliza kesho yake: tumeokoka? Ukisema umekuja kulinda Kagera, wakati wowote unaweza kujibu kwamba Kagera iko salama, mengine ni mambo yenu ya ndani. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili, akaondolewa tarehe 20 Juni, siku 68, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Kampala iliandamana. Ilikuwa vigumu kumshawishi mtu mitaani kwamba jambo lile lilikuwa la ndani wakati wanajeshi wenye nguvu mjini walikuwa wageni. Mei 1980 Binaisa naye akaondolewa na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, JWTZ ikiwa kambini. Desemba ulifanyika uchaguzi ambao nusu ya nchi iliona umeibwa, na Obote akarudi. Februari 1981 vita vya msituni vikaanza, na kufikia katikati ya mwaka huo majeshi ya Tanzania yalikuwa yakiondoka. Luwero ikabaki peke yake.

Wapo wanaosema hapa ndipo sababu halisi ilipo: Nyerere alitaka tangu mwanzo kumrudisha rafiki yake. Wanataja mwaka 1972, wafuasi wa Obote walipovuka kutoka Tanzania na kushindwa, mpaka Somalia ikawapatanisha Nyerere na Amin kwa mkataba wa Mogadishu. Siipuuzi hoja hii, lakini nadhani inachanganya sababu na nia, maneno ambayo hotuba yenyewe iliyatenganisha. Mtu anaweza kuwa na nia iliyochanganyika na sababu iliyo safi. Tena ni Nyerere aliyemshauri Obote asiende Moshi. Kama kitendo ni cha haki, hatuhitaji moyo wa mtendaji uwe mweupe. Tunahitaji aseme anachotenda ili tuweze kumpima.

Kiswahili chenyewe kimetunza kumbukumbu ya jambo hili kuliko vitabu. Askari wa Tanzania waliingia Kampala wakiitwa wakombozi, na Luganda likalichukua neno likawa "bakombozi". Muulize mzee yeyote hapa Naguru, atalitamka. Lakini sikiliza anavyolitamka. Kwanza kuna shangwe, watu wakimiminika barabarani kuwalaki. Halafu saa zinazoanza kukatwa mikononi, na neno linapinda kidogo mdomoni mwake. Neno "mkombozi" lina ahadi ndani yake: anayekomboa analipa kitu ili kingine kiwe huru. Wananchi waliwapa askari jina la sababu ambayo serikali yao haikuitaja, kisha wakakaa wakisubiri ahadi ambayo hakuna aliyeitia sahihi. Waalimu wetu hutuambia kwamba Kampala hawakipendi Kiswahili kwa kuwa kilikuwa lugha ya askari wa Amin. Ni kweli nusu. Kiliingia tena na bakombozi, kikapendwa kwa miezi michache, kisha kikarudi kilipokuwa.

Ni haki kukumbuka kwamba Tanzania haikutajirika. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500, nchi maskini isiyosaidiwa na OAU, na Watanzania waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18 ambayo wazee wao wanasema haijaisha. Hakuna dhahabu ya Uganda iliyojenga Dodoma. Hilo linasema mengi juu ya nia. Bado halijazi pengo katika sababu.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi hoja ya usalama ilivyotumiwa na waliofuata. Agosti 1998 jeshi letu lilisonga ndani ya Congo. Sababu ya serikali ya Kampala ilikuwa usalama: waasi wa ADF wanatumia milima ya mpakani, na dola ya Congo haiwezi au haitaki kuwazuia. Sababu hii haikuwa ya kubuni, ADF waliua kweli. Lakini jeshi lilikwenda mpaka Kisangani, likapigana huko na Wanyarwanda juu ya vichwa vya wenyeji. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa hoja ya kujitetea, na ilisema kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulizi ya mpakani yaliyodaiwa kuwa chanzo. Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325.

Chukua sentensi hiyo ya mahakama uiweke juu ya mwaka 1979. Miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani: Kampala, Gulu, Arua. Uwanja wa ndege: Entebbe, uliotekwa tarehe 7 Aprili. Kwa sababu iliyoandikwa Dar es Salaam, Tanzania ingeshindwa kesi kama sisi tulivyoshindwa. Wenzangu niliojadiliana nao hawapendi nikisema hivi. Wanaona nawalinganisha wakombozi na waporaji. Silinganishi matendo. Nalinganisha karatasi mbili, na kwenye karatasi hoja ni moja: jirani ni hatari, tumemfuata mpaka alipo.

Tangu mwaka 2000 Hati ya Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), imeupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Sababu ya Naguru sasa inaweza kuandikwa bila aibu, ingawa haki hiyo ni ya Umoja, si ya jirani mmoja mwenye mizinga. Mwaka 1979 haikuwepo, na Nyerere angekuwa wa kwanza kuiandika. Kinachozitenganisha Kampala na Kisangani ni wale watu 545 waliosimama mbele ya Jaji Saied, na wengine wengi ambao hawakupata nafasi ya kusimama. Kisangani hatukuwa na kitu cha namna hiyo cha kuwaonyesha majaji. Tulikuwa na hoja ya usalama peke yake, na wao waliipima kwa kilomita.